Padre Roberto Landell de Moura na Sauti Iliyosafiri Bila Waya

Tarehe 30 Juni 1928, katika mji wa Porto Alegre kusini mwa Brazil, alifariki dunia kwa ugonjwa wa kifua kikuu padre mwenye umri wa miaka 67. Waamini waliomsindikiza walimfahamu kama paroko wao wa Parokia ya Bikira Maria wa Rozari. Ni wachache waliokumbuka kwamba miaka 28 kabla ya hapo padre huyo alisimama mahali pa mwinuko katika jiji la São Paulo, mbele ya chombo alichokibuni mwenyewe, na sauti ya mwanadamu ikasikika kilomita kadhaa kutoka hapo pasipo waya wowote kuunganisha pande hizo mbili.

Jina lake ni Padre Roberto Landell de Moura. Nchini kwake anaheshimiwa. Huku kwetu hajulikani kabisa. Kila mwaka inapokaribia Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 7 Mei 1967 chini ya Mtakatifu Paulo VI, sisi mapadre huhubiri juu ya simu na mitandao ya kijamii kana kwamba ni wageni waliobisha hodi jana usiku. Maisha ya padre huyu yanaonesha kwamba mgeni huyo alibisha hodi zamani sana, tena kwenye mlango wa nyumba ya padre. Namna alivyopokewa ni jambo linalotuhusu.

Padre na maabara yake

Landell de Moura alizaliwa Porto Alegre tarehe 21 Januari 1861, katika familia kubwa yenye damu ya Uskoti upande wa mama. Alisoma kwa Wajesuiti wa São Leopoldo, kisha akapelekwa Roma, akajiunga na Chuo Kikuu cha Kipapa cha Gregoriana. Huko teolojia haikumzuia kujifunza fizikia na kemia. Wanaodhani kwamba imani na sayansi vilikuwa maadui katika vyuo vya Roma wakumbuke kwamba katika Chuo cha Kiroma, mzazi wa Gregoriana, Mjesuiti Angelo Secchi alikuwa mmoja wa watu wa kwanza duniani kuzipanga nyota kwa kuchunguza mwanga wake, na alifariki mwaka 1878, wakati Landell akiwa bado kijana. Roberto alipewa daraja takatifu la upadre mjini Roma tarehe 28 Oktoba 1886, akarudi Brazil kuwachunga waamini.

Alifanya kazi ambazo padre yeyote wa jimbo anazifahamu: kufundisha seminarini, kuongoza parokia, kuhamishwa. Alihudumu kwao kusini, kisha katika Jimbo la São Paulo, kwenye miji kama Santos na Campinas, na katika eneo la Santana jijini São Paulo. Kila alikohamia, alihama pia na sumaku zake, nyaya zake na chupa za kemikali.

Ili tuelewe alichokifanya, hatuna budi kutazama dunia ya wakati ule ilikuwa imefika wapi. Simu ya maandishi, yaani telegrafu, ilikuwa na umri wa nusu karne. Alexander Graham Bell alikuwa amepata haki ya simu ya sauti mwaka 1876. Vyote viwili vilihitaji waya. Mwishoni mwa miaka ya 1880, Mjerumani Heinrich Hertz alithibitisha kwa majaribio kwamba cheche ya umeme huzaa mawimbi yasiyoonekana, yanayosafiri hewani. Kuanzia mwaka 1895 kijana Mwitaliano, Guglielmo Marconi, aliyatumia mawimbi hayo kutuma ishara bila waya, na tarehe 12 Desemba 1901 alitangaza kwamba amepokea ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, kisiwani Newfoundland, ishara iliyotoka Uingereza. Ishara hiyo ilikuwa herufi S peke yake: nukta tatu.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Marconi alituma milio, hakutuma maneno. Tofauti yake wazee wetu waliifahamu vizuri. Mbiu ya mgambo ikilia, kila mtu kijijini alijua kuna jambo. Lakini ni jambo gani, hakujua mpaka afike barazani akalisikie kinywani mwa mtu. Telegrafu bila waya ilikuwa mbiu ya mgambo iliyovuka bahari. Padre Landell alitaka kinywa chenyewe kivuke.

Tarehe 3 Juni 1900 alifanya jaribio la hadhara jijini São Paulo, akianzia Santana. Miongoni mwa mashahidi alikuwapo balozi mdogo wa Uingereza katika jiji hilo, na siku chache baadaye, tarehe 10 Juni, gazeti la Jornal do Commercio likaandika habari zake. Umbali unaotajwa ni kama kilomita 8. Kwa kulinganisha, Reginald Fessenden, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Marekani, ambaye vitabu vingi humtaja kuwa wa kwanza kutuma sauti kwa redio, alifanya hivyo tarehe 23 Desemba 1900, kwa umbali wa takriban kilomita 1.6. Padre wetu alikuwa amemtangulia kwa miezi sita.

Alifanyaje? Alibuni njia zaidi ya moja. Katika njia ya kwanza, mtu alizungumza mbele ya kiwambo chembamba. Kiwambo kilipotikisika kilikata na kuunga mkondo wa umeme kwa kufuata mtikisiko wa sauti, na mawimbi yaliyotoka yakabeba alama ya sauti ile. Katika njia ya pili alitumia mwanga. Sauti iliufanya mwale wa mwanga uongezeke na kupungua, na upande wa pili mwale huo uliangukia kwenye seleniamu, elementi ambayo hupitisha umeme kwa wepesi zaidi inapomulikwa. Mwanga ukicheza, umeme nao unacheza, na sauti inasikika upya. Wazo hili la pili halikuwa lake peke yake, maana Bell alikwisha kulijaribu mwaka 1880. Lakini Padre Landell aliliunganisha na mawimbi ya umeme katika mtambo mmoja. Naomba msomaji aukumbuke mwale huu wa mwanga, kwa sababu tutakutana nao tena.

Je, tuseme basi kwamba padre Mkatoliki ndiye aliyevumbua redio? Binafsi nisingependa tuseme hivyo mimbarini. Redio ina wazazi wengi. Wapo pia waandishi wanaodai kwamba alifanikiwa tangu mwaka 1893, lakini dai hilo halina uthabiti wa maandishi kama ule wa jaribio la mwaka 1900, na ukweli hauhitaji kupambwa ili Kanisa lionekane zuri. Yanayojulikana kwa hakika yanatosha. Tarehe 9 Machi 1901 Serikali ya Brazil ilimpa hataza ya uvumbuzi wake. Mwaka huohuo akasafiri kwenda Marekani kutafuta hataza huko. Alidhani atakaa miezi michache. Ofisi husika ikamtaka aoneshe vyombo vinavyofanya kazi, akajikuta amekaa New York miaka, akiwa na madeni. Mwaka 1904 hatimaye alipewa hataza tatu: ya mtambo wa kutuma mawimbi, ya simu ya sauti bila waya, na ya telegrafu bila waya.

Waamini wake walimfanyia nini

Sasa nafika mahali panapoumiza. Masimulizi ya maisha yake yanaeleza kwamba alipokuwa katika Jimbo la São Paulo, baadhi ya waamini walianza kunong'ona. Padre anazungumza na watu wasioonekana. Padre ana sanduku linalotoa sauti. Mnong'ono ukawa shutuma: padre ana mapatano na shetani. Siku moja watu wakaingia mahali alipokuwa akifanyia kazi, wakavunja vyombo vyake.

Tusiwacheke watu hao. Hawakuwa wapagani wala wezi. Walikuwa watu wa Misa na Rozari, na pengine walitoka pale wakiamini wamelitetea Kanisa. Kosa lao lilikuwa moja: walikiita cha shetani kitu ambacho hawakukielewa, wala hawakumwuliza aliyekitengeneza. Ninasema hivi nikijua kwamba katika parokia zetu neno "ushirikina" na neno "Freemason" hurushwa kwa wepesi uleule, na mara nyingi anayerushiwa ni mtu aliyeleta jambo jipya au aliyefanikiwa kuliko jirani zake.

Wenye mamlaka nao hawakufanya vizuri zaidi. Aliporudi Brazil kutoka Marekani, aliiomba Serikali impatie meli mbili ili aoneshe jinsi watu walio baharini wanavyoweza kuzungumza bila waya. Inasimuliwa kwamba afisa aliyetumwa kwake alimwuliza meli hizo zitakuwa umbali gani, naye akajibu kwamba kadiri zitakavyokuwa mbali ndivyo itakavyokuwa vema, akaongeza kwamba iko siku vyombo vya namna hiyo vitawasiliana hata na sayari nyingine. Afisa akarudi kutoa taarifa kwamba padre yule hana akili timamu. Meli hazikutolewa.

Kilichonigusa zaidi katika maisha yake ni kile alichofanya baadaye. Hakuacha upadre ili akatafute mali kwa hataza zake, wala hakugeuka kuwa mtu wa manung'uniko. Alirudi Porto Alegre, akawa paroko wa Rozari kuanzia mwaka 1916 hadi kifo chake, akibatiza na kuwapaka wagonjwa mafuta matakatifu, wakati makampuni ya nchi nyingine yakijenga utajiri juu ya mambo aliyoyawaza. Nchi yake ilimkumbuka baadaye sana: mwaka 2012 jina lake liliandikwa kwa sheria katika Kitabu cha Mashujaa wa Taifa la Brazil.

Nina sababu yangu ya kulikumbuka jambo hili. Miaka michache baada ya upadirisho wangu, nikiwa paroko msaidizi, kijana mmoja wa kigango alinijia na kisanduku cha plastiki chenye nyaya. Alikuwa ameunda mtambo mdogo wa kurushia sauti, ili bibi yake aliyekuwa hawezi kutembea, na ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya bonde, asikilize Misa ya Dominika kwenye redio yake. Wazee wa kigango walikuwa wamekwisha kukitilia shaka kile kisanduku kilichofungwa karibu na altare. Nilimwambia akiondoe. Nilimpa sababu ya sheria, kwamba hakuna ruhusa ya kurusha matangazo bila leseni, na sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini haikuwa sababu yangu. Sababu yangu ilikuwa kwamba sikuelewa kinavyofanya kazi, na sikutaka maneno na wazee. Sikumwuliza bibi yake ni nani, wala sikwenda kumtembelea wiki ile. Kijana alikusanya nyaya zake, akasema, "Sawa, Padre," akaondoka. Sikuvunja chombo chochote, ila sina uhakika kwamba niliwazidi sana watu wa São Paulo.

Kutoka cheche hadi kiganjani

Padre Landell alikufa miaka miwili na nusu tu kabla ya tukio ambalo lingemfariji. Tarehe 12 Februari 1931, Papa Pio XI alisimama mbele ya kipaza sauti ndani ya Vatikano na kuzungumza kwa Kilatini na ulimwengu mzima. Aliyemjengea mtambo, na aliyetangulia kuzungumza ili kumkaribisha, alikuwa Marconi mwenyewe. Kituo kikakabidhiwa kwa Wajesuiti, na mkurugenzi wake wa kwanza, Padre Giuseppe Gianfranceschi, alikuwa mwanafizikia. Safari hii hakuna aliyevunja mtambo.

Tangu majaribio ya mwaka 1900 hadi siku hiyo, ufundi ulikuwa umebadilika kabisa. Cheche ilizaa wimbi la vipandevipande, lenye kelele, na sauti ya mtu ilipachikwa juu yake kwa shida, mithili ya kuandika barua juu ya maji yanayoruka. Zilipopatikana taa za elektroni, miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ikawezekana kuzalisha wimbi la mfululizo lililotulia, na sauti ikakaa juu yake vizuri. Hapo ndipo vituo vya utangazaji vilipoanza. Kile cha KDKA cha Pittsburgh, Marekani, kilitangaza matokeo ya uchaguzi wa rais tarehe 2 Novemba 1920. Masafa mafupi yakaongeza jambo la ajabu: mawimbi yake hugonga tabaka la juu la anga na kurudi duniani, kama mpira unaodunda darini, na kwa njia hiyo kituo kimoja cha Roma kiliweza kusikika Afrika na Amerika.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Radio Vatikano ilisoma hewani majina ya wafungwa wa kivita na watu waliopotea, jina baada ya jina, ili familia zao zisikie kama ndugu yao yu hai. Ujumbe uliosomwa ulizidi milioni 1. Nadhani hakuna mahubiri ya redio yaliyopata kuwa mazuri kuliko orodha ile.

Sisi tuliokua katika miaka ya 1980 na 1990 tunalielewa jambo hili bila maelezo mengi. Redio ya mkulima ilikaa juu ya kabati au ilining'inia msumarini, na betri zake zikianza kuchoka zilianikwa juani zipate nguvu ya siku mbili tatu zaidi. Matangazo ya vifo yalipoanza Radio Tanzania, nyumba nzima ilinyamaza. Tuliwasikiliza marehemu tusiowajua, wakitajiwa watoto wao walioko Tabora, Tanga na Mbeya, kwa sababu huenda safari hii ingetajwa Mbeya yetu. Na redio hiyo isingefika kijijini kama si transista, kifaa kilichovumbuliwa Marekani mwaka 1947, kidogo kiasi cha kuiwezesha redio kutumia betri na kubebeka mkononi. Askofu na mwanasiasa wote wawili wana deni kwa transista ambalo hawajalikiri.

Milango ilipofunguliwa kwa redio binafsi nchini mwetu katika miaka ya 1990, Mama Kanisa hakuchelewa. Radio Tumaini ilianza Dar es Salaam mwaka 1994. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Wajesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi, wakati mkoa wa Kagera ulipofurika wakimbizi kutoka Rwanda na Burundi. Radio Maria Tanzania ikafuata mwaka 1996. Wazee ambao zamani walisikia Misa pale tu padre alipofika kigangoni, mara moja kwa miezi miwili, sasa walisali Masifu kila siku pamoja na mapadre wasiowafahamu kwa sura.

Kisha ikaja simu. Msomaji aelewe kwamba simu iliyo mfukoni mwake ni redio, tena ya namna ambayo Padre Landell aliiota, kwa maana inapokea na inatuma. Redio ya mkulima ilimfanya baba yangu kuwa msikilizaji. Simu imemfanya kila muumini kuwa mtangazaji. Na ule mwale wa mwanga niliomwomba msomaji aukumbuke umerudi. Mwaka 2009 nyaya za baharini za mawasiliano ziliwasili katika pwani yetu, Dar es Salaam na Mombasa, na ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele ambamo sauti, picha na maandishi husafiri kwa mimetameto ya mwanga. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Wengine ndio walioibuni nyuzi hiyo ya kioo, lakini wazo la kuubebesha mwanga sauti ya mwanadamu lingemfanya padre yule wa Porto Alegre atabasamu.

Utangazaji huu wa kila mtu una uchungu wake. Zamani kifo kilitangazwa baada ya familia kuandika na kulipia tangazo; siku hizi picha ya marehemu inaweza kufika kwenye kundi la Jumuiya kabla mjane hajaambiwa. Wengine hutuma sala zenye sharti: ipeleke kwa watu 12 usiku huu upate muujiza, ukiipuuza utapatwa na msiba. Sala ya namna hiyo si ya Kikatoliki hata ikipambwa kwa sura ya Padre Pio. Ni ushirikina uliovaa rozari, na yeyote anayeipokea anaweza kuifuta bila hofu yoyote. Kuna jambo jipya zaidi. Akili unde sasa inaweza kuigiza sauti na sura ya mtu. Hayati Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari ya mwaka 2024, alisema kwamba hata yeye alikwisha kutengenezewa picha za uongo. Kwa hiyo ukimsikia askofu wako akikuomba mchango kwa namba usiyoijua, piga simu parokiani kwanza.

Kile ambacho hewa haiwezi kukibeba

Maswali ninayoulizwa mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni mengine. Je, Misa niliyoisikiliza redioni inatosha kwa Dominika? Je, naweza kuungama kwa simu, maana padre yuko mbali?

Juu ya Misa, amri ya Kanisa inamtaka muumini kushiriki Misa, na kushiriki maana yake ni kuwapo. Anayeweza kufika kanisani hatimizi wajibu huo akiwa kitandani na simu sikioni. Lakini mgonjwa, mzee asiyeweza kutembea, mama anayemuuguza mtoto, huyo hana dhambi ya kukosa Misa, maana hakuna anayefungwa na asiloliweza. Kwake redio ni zawadi tupu, si mbadala wa wajibu. Asiisikilize kwa hofu kama mtu anayelipa deni. Tena Kanisa limemheshimu mgonjwa wa aina hii kwa namna ya pekee: Mtakatifu Klara wa Assisi, ambaye husimuliwa kwamba usiku wa Noeli akiwa mgonjwa kitandani aliiona na kuisikia Ibada iliyokuwa ikiadhimishwa mbali naye, alitangazwa na Papa Pio XII kuwa msimamizi wa televisheni. Malaika mkuu Gabrieli naye, mleta habari, akapewa usimamizi wa mawasiliano.

Juu ya kuungama, jibu ni hapana. Sakramenti ya Kitubio yahitaji mwungamaji na padre wawe pamoja, na zaidi ya hayo siri ya maungamo haiwezi kukabidhiwa kwa mtambo ambao hatujui nani mwingine anausikiliza. Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilieleza waziwazi kwamba hakuna sakramenti kwenye intaneti. Wakati huohuo, Kanisa linakubali kwamba baraka ya Papa ya "Urbi et Orbi", pamoja na rehema kamili inayoambatana nayo, inawafikia wanaoifuata kwa ibada redioni au kwenye televisheni. Mtu anaweza kuona hapo mkanganyiko. Haupo. Baraka ni neno na sala, na neno husafiri. Sakramenti ni neno pamoja na maji, mafuta, mkate, divai, na mkono juu ya kichwa. Na mkono hausafiri hewani. Jioni ya tarehe 27 Machi 2020, wakati wa janga la korona, wengi wetu tulimwona Papa Fransisko akiwa peke yake katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro chini ya mvua, akiwabariki watu kwa Ekaristi Takatifu. Tulipokea baraka ile, nasi tulilia. Na bado miezi ile watu waliniambia wana njaa.

Padre Landell, nadhani, aliijua tofauti hii kuliko wote. Mtu aliyeweza kuipeleka sauti yake kilomita 8 alitumia miaka yake ya mwisho akiketi katika kiti cha maungamo, ambako sauti haitakiwi kuvuka hata hatua mbili.

Mwaka jana nilimpelekea Komunyo bibi mmoja wa kigango cha mbali, siyo yule wa kijana wangu, ambaye sikupata nafasi ya kumtembelea hadi alipofariki. Huyu anaishi na mjukuu wake. Redio yake iko msumarini pembeni ya kitanda, imefungwa mpira wa baiskeli kushikilia mfuniko wa betri, na haizimwi tangu alfajiri. Nilipoingia, Rozari ilikuwa ikiendelea hewani, fungu la nne, naye alikuwa akiitikia kwa sauti. Nikamwambia, "Bibi, malizia tu, nitasubiri." Akamwita mjukuu wake, akamwonesha redio kwa kidole.

"Izime kwanza, mwanangu," akasema. "Mwenyewe amefika."